Soja wa Soko

Ukipita usiku katika soko lolote la Kitui au Makueni lenye maduka matano na mashine moja ya kusaga unga, utamkuta soja. Amekalia kreti ya soda iliyopinduliwa, koti kalifunga mpaka shingoni, rungu liko kando, redio ameishusha sauti. Ukimuuliza kazi yake atasema yeye ni soja wa hapa, nawe utaitikia na kwenda zako. Ni neno tulilolizoea. Lakini soja lilikuwa neno la Kiingereza la mwanajeshi, mtu wa bunduki na gwaride. Namna lilivyoshuka cheo mpaka likawa jina la mzee anayelinda kufuli la duka la mtu mwingine ni historia nzima, na kwetu Ukambani historia hiyo imebeba deni.

Katika soko nililokulia, upande wa Mwingi, soja wetu tulimwita Mzee Keya. Halikuwa jina lake. Keya ni K.A.R. ikitamkwa na mtu wa kwetu: King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki. Alikuwa amepigana Burma. Wenye maduka walichanga kumlipa kila mwisho wa mwezi, wengine kwa pesa, mmoja kwa sukari na mafuta ya taa. Kila jioni, giza likianza kuingia, alizunguka akishika kufuli moja baada ya jingine, kwa mpangilio uleule, kisha akasimama wima mbele ya duka la mwisho kama anayengoja mkubwa aje kupokea ripoti. Sisi watoto tulimcheka. Nyumbani kwake kulikuwa na mkebe wa kahawa wenye karatasi zake za jeshi. Nitaurudia mkebe huo.

Kabla ya Mzungu kuingia Ukambani, ulinzi haukuwa kazi ya mtu mmoja wa kulipwa. Watu waliishi katika utui, yaani kundi la maboma ya watu wanaojuana, na motui kadhaa zilifanya kivalo, eneo ambalo vijana wake walikwenda pamoja vitani na kwenye ngoma. Ng'ombe wakiibwa, anake, ndio vijana, waliwafuata. Kesi zilikuwa za wazee wa nzama. Kwa mwizi sugu, au mtu aliyeaminiwa kuwa anaua watu kwa uchawi, kulikuwa na king'ole: wazee wakishakubaliana, na jamaa zake wakishaafiki, aliuawa na umati ili damu yake isimwangukie mtu mmoja. Sisemi haya kwa kuitamani king'ole irudi. Ilikuwa kitu cha kutisha, na si ajabu kwamba baadhi ya waliouawa hivyo hawakuwa na kosa lolote ila kuchukiwa. Ninachotaka kionekane ni jambo lingine: aliyelinda utui alikuwa mtoto wa utui. Akirudi na jeraha, alirudi kwa mama yake na kwa majirani waliojua jeraha hilo alilipata akifuata ng'ombe wa nani. Kulinda na kutunzwa vilikuwa mambo ya watu walewale.

Vita vya kwanza vya dunia viliyatenganisha. Mwaka 1917 Waingereza walikuwa wakilifukuza jeshi la Wajerumani kusini mwa Tanganyika, mahali pasipo barabara wala reli, na kila risasi na kila kibaba cha unga kilipaswa kwenda juu ya kichwa cha mtu. Kazi ya kuwakusanya wapagazi akapewa John Ainsworth, mtu ambaye wazee wa Ukambani walimjua vizuri, kwani ndiye aliyekuwa afisa wa Machakos tangu miaka ya 1890. Machifu wakapewa idadi ya wanaume wa kutoa. Basi watu wa chifu, waliowekwa kwa sheria ya 1902 ya wazee wa vijiji ili wadumishe amani, ndio waliokwenda majumbani kukamata wanaume. Hapo ndipo ulinzi wa kijiji ulipoanza kuwa kitu cha kukimbiwa.

Wapagazi walikufa zaidi kwa kuhara, malaria na chakula kibovu kuliko kwa risasi. Hesabu rasmi yenyewe ilikubali vifo zaidi ya 40,000, na wanahistoria waliozipitia kumbukumbu hizo wanaona huenda vilikaribia 100,000. Waliorudi Kitui na Machakos walikuta ukame wa 1918, na nyuma ya ukame homa ya mafua. Jeshi lao la mizigo liliacha majina mawili ambayo bado tunayataja kila siku bila kufikiri: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, yote mawili kutoka Carrier Corps. Na mishahara ya maelfu waliokufa au kupotea, ambao jamaa zao hawakutafutwa wakapatikana, haikuwafikia wajane. Maafisa kadhaa wa koloni waliidai kwa miaka mingi, lakini haikutoka.

Mwaka 1919 serikali ilianzisha mpango wa kuwapa ardhi askari waliotoka vitani. Askari wazungu, lazima niseme, maana mpango wenyewe ulipoitwa wa askari hakuna aliyedhani unamhusu mtu wa Mwingi au wa Kilungu. Zaidi ya ekari milioni mbili za nyanda za juu ziligawanywa. Mwafrika, miaka hiyohiyo, alipewa kipande cha kuvaa shingoni ili ajulikane ni nani na ameajiriwa na nani. Na mwaka 1928 akajengewa sanamu jijini Nairobi, kwenye barabara tunayoiita leo Kenyatta Avenue: watu watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi. Maneno yaliyoandikwa chini yake kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu yalitoka kwa Rudyard Kipling, nayo yanawaahidi waliokufa kwamba watoto wao watalikumbuka jina lao. Nenda ukaitazame. Hakuna jina hata moja. Ilibidi tungoje hadi 2021 ndipo tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ikiri kwenye ripoti yake kwamba angalau watu 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao Waafrika wa mashariki na magharibi pamoja na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kuna waliorudi na kitu, hata hivyo. Mutisya Munge wa Wamunyu alipelekwa Tanganyika wakati wa vita, huko akajifunza uchongaji kwa Wazaramo, akarudi na patasi. Vinyago vya Kikamba vinavyouzwa leo kutoka Mombasa hadi uwanja wa ndege wa Nairobi vilianzia kwake. Hakuna ofisi iliyompa mtaji. Wengine walirudi na nidhamu ya jeshi na Kiswahili cha kambini, na serikali ikaona hao wanafaa kuwa machifu. Kasina Ndoo, aliyekuwa chifu wa Migwani kwa miongo mingi, alitokea K.A.R. Na sheria ya 1929 ilipounda Tribal Police, wale waliokuja kuitwa Administration Police mwaka 1958, mtu aliyewahi kushika bunduki ya Mfalme alikuwa na nafasi nzuri. Hii ndiyo njia ya kwanza ambayo askari wa zamani alirudi kulinda kijiji: akiwa na kofia, akilipwa na bwana DC, na majirani zake wakishusha sauti anapopita. Alikuwa amepata kazi, ila utui wake ulikuwa umempoteza.

Waingereza walipenda kusema Wakamba ni kabila la vita kwa asili. Mwanahistoria Myles Osborne, katika kitabu chake cha 2014 kuhusu Wakamba na himaya, anaonyesha jinsi sifa hiyo ilivyotengenezwa, na jinsi Wakamba wenyewe walivyojifunza kuitumia kudai vitu. Zamani hizo hizo himaya ilikuwa imewaona kuwa wachuuzi, watu wa biashara ya mbali, wasiofaa gwaride. Kilichobadilika si damu. Kilichobadilika ni mvua kukosekana, ardhi kubana, na mshahara wa jeshi kuwa afadhali kuliko wa kuchuma mkonge. Mama yangu huwa anasema jeshi lilikuwa shamba letu lisilohitaji mvua, na sijasoma maelezo mazuri kuliko hayo.

Kwamba sifa hiyo ilikuwa chombo cha mabishano ilionekana mwaka 1938. Serikali iliamua Ukambani kuna ng'ombe wengi kupita uwezo wa ardhi, ikaanza kuwakamata na kuwauza kwa bei ya chini, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwa kimefunguliwa Athi River. Mwezi Julai, maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, walitembea kutoka Machakos hadi Nairobi, Muindi Mbingu akiwa msemaji wao, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu. Lakini ng'ombe wakarudishwa, na sababu mojawapo haikuwa huruma. Jeshini na kwenye polisi Wakamba walikuwa wengi, vita vingine vilikuwa vinanukia, na wakubwa wakaanza kujiuliza: huyu askari ambaye ng'ombe wa baba yake wamechukuliwa na serikali, kesho akiamriwa kupiga risasi, ataielekeza wapi? Naona huo ndio wakati pekee, katika miaka yote ninayoieleza, ambapo usalama wa nyumbani kwa askari ulihesabiwa kuwa sehemu ya kazi yake ya askari. Ilichukua maandamano na hofu ya serikali kufika hapo.

Vita vikaja. Karibu Wakenya laki moja waliingia jeshini, na Wakamba walikuwa wengi humo kuliko idadi yao katika koloni. Walikwenda Ethiopia mwaka 1941, Madagascar mwaka 1942, na Burma mwaka 1944, ambako divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua ya masika ya huko, matope mpaka magotini, malaria kila kambi. Wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi ikazama kwa muda wa dakika chache. Karibu watu 1,300 walikufa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mzee Keya alikuwa akisema aliiona bahari mara mbili tu, kwenda na kurudi, na mara zote mbili alilala juu kwenye sitaha kwa kuogopa kufungiwa ndani. Tulidhani ni hadithi ya kutufurahisha.

Vita vilipokwisha kila askari alilipwa kiinua mgongo kwa kadiri ya miezi aliyotumika. Mwaka 2019 mwandishi Jack Losh alichapisha yaliyokuwa kwenye nyaraka za zamani: askari mzungu wa cheo cha chini kabisa alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi, na Mwafrika wa cheo hichohicho shilingi 3 na nusu. Hebu fanya hesabu ya miezi 40. Mmoja anaondoka na shilingi 400, mwingine na 140, na wote wawili walilala kwenye matope yaleyale. Wengi wa kwetu walijaribu kufungua duka au hoteli kwa pesa hizo. Nyingi zilifungwa baada ya muda mfupi, kwa sababu kila mtu alifungua duka la aina moja, mahali pamoja, kwa wateja wasio na pesa.

Koloni liliwaogopa watu hawa, na halikuwa na makosa kabisa, kwani Waruhiu Itote aliyekuja kuwa Jenerali China wa Mau Mau alikuwa amepitia Burma. Ndiyo maana kuna walioitwa Jeanes School, Kabete, wakafunzwa kazi ya maendeleo ya jamii, ili nguvu zao ziende kwenye matuta na vyoo. Na Ukambani matuta yalishika. Inakumbukwa kwamba askari waliotoka India ni kati ya waliolima matuta mapana ya ngazi bila kulazimishwa, kwa kuwa waliyaona kule yakizuia udongo. Jambo hili linanifurahisha kuliko medali zote. Serikali ilikuwa ikilazimisha watu kuchimba matuta membamba kwa amri, watu wakiyachukia. Mkulima aliyeona kwa macho yake akachimba mapana kwenye shamba lake, akapanda mboga, majirani wakaiga.

Makueni nayo ilizaliwa wakati huo, maana Makueni tunayoijua leo sehemu kubwa ilikuwa pori la mbung'o. Ili ifunguliwe kwa watu kutoka milima ya Machakos iliyojaa, serikali ilimkodi mwindaji J. A. Hunter, ambaye kati ya 1944 na 1946 aliua vifaru karibu 1,000. Hata hivyo watu hawakukimbilia kuhamia. Walishuku kwamba Mzungu anawatumia kusafisha pori kisha atalichukua mwenyewe, na kwa waliokumbuka 1919 shaka hiyo haikuwa ujinga. Walioenda walijenga mbalimbali, usiku fisi na chui, mchana nyoka, na hapakuwa na anake wa kivalo wa kupigiwa yowe. Walichokuwa nacho ni mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi, ambacho miaka ya 1950 wanawake walikishika kwa nguvu hasa kwa sababu waume zao walikuwa jeshini, kwenye polisi, magerezani, au wakilinda milango Nairobi na Mombasa. Tukisema askari wa Ukambani alilinda nchi, tuseme pia nani alilinda boma lake. Mwanamke mwenye taa ya chemni na mbwa wawili, na wenzake wa mwethya ambao wangesikia akipiga kelele.

Uhuru ulibadilisha bendera ya jeshi kuliko ulivyobadilisha hali ya anayetoka jeshini. Mambo ya wakubwa nayapita haraka. Joseph Ndolo, Mkamba aliyekuwa mkuu wa majeshi, aliondoka mwaka 1971 baada ya jina lake kutajwa katika njama ya kupindua serikali, na mwaka huohuo jaji mkuu Kitili Mwendwa wa Kitui akajiuzulu. Wengi kwetu waliona mlango wa jeshi unaanza kufungwa. Haukufungwa, ila hapo ndipo watu walipojifunza kutosema sana kuhusu nani wa nyumba yao yuko kambini.

Kwa mtu wa kawaida wa Kitui jambo zito lilikuwa mpaka wa mashariki. Ukitoka Mwingi kwenda Garissa, au ukishuka Mutha kuelekea Tana, nyika inafunguka na maji yanakuwa ya kugombaniwa. Tangu miaka ya vita vya Shifta, vilivyoisha 1967, bunduki zimekuwa zikizunguka huko. Katika miaka ya 1990 mabasi ya Garissa yalisafiri kwa msafara yakisindikizwa na polisi. Mzee George Adamson wa simba aliuawa na majambazi Kora tarehe 20 Agosti 1989, ng'ambo tu ya hifadhi ya Mwingi, na dunia ikajua. Wafugaji na wakulima waliouawa kabla na baada yake hawakuandikwa hivyo. Ukame ukija, wenye ngamia wanaingia mashambani, mwenye shamba anatoka na upinde, na watu wanakufa pande zote mbili. Ningeonya tusiuone ugomvi huu kama wa makabila tu. Mwenye ngamia naye amefuata maji, na wakati mwingine ngamia si wake, ni wa tajiri aliye mjini.

Jibu la serikali limekuwa kumpa bunduki mtu wa kijiji. Kenya Police Reserve iliundwa mwaka 1948 kwa ajili ya walowezi, na baadaye ikawa ya watu wa mipakani. Sheria ya 2011 ikaipa jina la National Police Reservists. Kwa miaka mingi walikuwa wa kujitolea. Na nani kijijini anajua kushika bunduki? Askari aliyestaafu, au mtoto wake aliyefundishwa naye kulenga. Mwaka 2019 wakaambiwa warudishe silaha, baadaye wakaanza kuandikishwa upya kwa awamu. Mjomba wangu mmoja alirudisha yake, akapewa risiti. Aliitunza ile risiti kuliko alivyotunza hati ya shamba, akiogopa kwamba siku moja ataambiwa bunduki haikufika.

Halafu 2013 ikaletwa Nyumba Kumi. Rais Uhuru Kenyatta aliisukuma baada ya Westgate, na wazo lilitoka Tanzania, ambako TANU ilikuwa na mabalozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960. Kwa Mkamba mzee ilikuwa kama kuuziwa mbuzi wake mwenyewe. Watu wanaojuana, wanaolindana, wanaoulizana mgeni ametoka wapi: si ndio utui? Tofauti ni kwamba utui uliamua na ukatunza. Mwenyekiti wa Nyumba Kumi anapeleka habari kwa chifu. Halipwi, na akichomewa nyumba kwa sababu ya habari aliyopeleka, shauri yake. Katika vijiji ninavyovijua, waliochaguliwa uenyekiti wengi walikuwa watu waliowahi kuvaa sare. Walichaguliwa kwa kauli moja: huyu amezoea.

Huyu amezoea. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mpaka nikaanza kuyachukia. Amezoea usiku, amezoea kutolipwa, amezoea kuona maiti. Tangu Oktoba 2011 vijana wetu wamekwenda Somalia, na tarehe 15 Januari 2016 kambi ya El Adde ilishambuliwa na idadi ya waliokufa haikutangazwa rasmi kwa wananchi. Majeneza yalifika Ukambani pia. Waliorudi wazima, wengine si wazima sana. Hospitali kuu ya jeshi iko Nairobi. Mtu wa Mutha akiamka usiku akipiga kelele, mke wake hamwiti daktari wa jeshi. Anamwita mchungaji, au shemeji, au anatoa watoto nje na kungoja.

Kisheria mambo yamesogea. Sheria ya Military Veterans ya 2022 inamtambua askari wa zamani na wategemezi wake, na inazungumzia afya, ushauri nasaha na namna ya kumrudisha katika maisha ya raia. Uingereza nayo, mwaka 2018, ilitangaza karibu pauni milioni 12 kwa wazee wa Jumuiya ya Madola waliopigana upande wake, ili wapate angalau milo miwili kwa siku. Miaka 73 baada ya vita. Chama cha wanajeshi wa zamani, tulichokijua kama KAFOCA na leo ni DEFOCA, kina kumbi katika miji kadhaa, na harusi nyingi zimefanyika humo.

Lakini ukiniuliza ni nini hasa kimemfikia mzee wa vita akiwa kwake, nitakutajia vitu viwili visivyohusu jeshi kabisa. Wa kwanza ni mpango wa Inua Jamii wa wazee wa miaka 70 na zaidi, ulioanza 2018, shilingi 2,000 kwa mwezi, zikichelewa lakini zikija. Wa pili ni wa Makueni peke yake. Chini ya Gavana Kivutha Kibwana, kaunti ilianzisha MakueniCare mwaka 2016: familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, na mzee aliyepita miaka 65 hakulipa kitu. Hapo mtu hakuulizwa nambari ya jeshi. Aliulizwa anakaa wapi. Alihudumiwa kwa kuwa ni mzee wa hapa, na hilo liko karibu na utui kuliko sheria yoyote ya askari niliyoisoma. Kuna watakaosema basi sheria ya askari ni ya nini. Mimi sisemi hivyo. Jeraha la vita si uzee, na aliyelipata kwa amri ya serikali anaidai serikali hiyo.

Mzee Keya alikufa mwishoni mwa miaka ya 1990, mwezi wa Julai, wakati wa baridi. Wenye maduka walinunua jeneza, wanawake wa mwethya wakapika, na kaburi lilichimbwa na vijana wa soko, mmoja wao akiwa mtu aliyewahi kukamatwa na mzee akivunja duka. Baada ya matanga, susu, mjane wake, alichukua ule mkebe wa kahawa, akapanda matatu kwenda ofisi fulani mjini. Ndani kulikuwa na karatasi ya kuachishwa kazi, picha moja, na medali iliyokuwa nyeusi kama senti ya zamani. Aliambiwa jina la kwenye karatasi si jina la kwenye kitambulisho. Ni kweli halikuwa. Jeshini aliandikwa jina la baba yake, na kitambulisho kilibeba la ubatizo. Akaambiwa alete barua ya chifu. Akaleta. Akaambiwa alete mtu aliyetumika naye.

"Nitamtoa wapi?" alituuliza aliporudi. "Wale wako chini ya maji."

Alikwenda tena mara tatu. Mwaka uliofuata kanisa lilimwezekea paa la mabati, na hakwenda tena. Mkebe uko kwa mwanawe mpaka leo, na karatasi bado zinasomeka.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani. Maduka sasa ni kumi na saba, kuna taa ya sola kubwa katikati ya soko, na soja ni kijana wa miaka 30 na kitu. Alikuwa Somalia mara mbili, akaacha jeshi kabla ya muda wa pensheni kutimia, hakuniambia kwa nini nami sikumbana. Nilimweleza habari za sheria ya 2022. Alisikiliza vizuri, kisha akaniuliza hiyo ofisi iko wapi. Nikamwambia ninavyojua ni wizarani, Nairobi.

"Na hapa nimwachie nani?" akasema, akainuka kwenda kuangalia makufuli.